Nilitaka The Thing, nikapewa pacha wake

Kuna jamaa mmoja pale upande wa Mwembe Tayari anauza muvi za kujaza kwenye flashi, duka lenyewe upana wake kama kabati, kompyuta moja, feni moja inayotikisa kichwa kama mzee anayekataa posa, na mapicha ya muvi yamebandikwa mpaka darini. Ilikuwa mwezi wa pili, joto la kaskazi limekaza, nikaingia nikamwambia kaka nataka The Thing. Hakuniangalia hata. "Iko." Akabofyabofya, akanirudishia flashi yangu, nikalipa, nikapanda matatu ya Kisauni nikiwa na furaha ya mtoto aliyepewa pesa za Idi.

Usiku nikaiweka. Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa amekuja kulala kwangu wikendi, na nilikuwa nimemuahidi kitambo kwamba nitamuonyesha muvi ya kutisha ya kweli, si hizi za mlango kujifunga wenyewe. Picha ikaanza. Theluji mpaka upeo wa macho, lile gari la minyororo kama tingatinga, ndani wazungu wanaongea Kinorwei, mmoja anasimulia kichekesho cha adabu mbovu. Nikajua pale pale. Huyu siye.

Jina ni lilelile, herufi kwa herufi, hata "sehemu ya pili" hawakuweka. Ya John Carpenter ya 1982 yaitwa The Thing, na ya Matthijs van Heijningen Jr. ya 2011 nayo yaitwa The Thing, na hii ya pili si marudio, ni ile wanayoiita prikweli, yani yaliyotokea kabla, siku chache tu kabla ile ya zamani haijaanza. Sasa hadithi yenyewe ni ya dude linalomla mtu kisha linavaa sura yake, ukimuangalia ni yeye, sauti yake, tabia zake, kumbe siye. Nikakaa na rimoti mkononi nikaanza kucheka peke yangu.

"Ami, wacheka nini, haijaanza hata."

Basi tukaitazama. Na kabla sijaisema vibaya niseme haki, dogo aliipenda na mimi sikusinzia. Mary Elizabeth Winstead anacheza Kate, mtaalamu Mmarekani wa mabaki ya wanyama wa kale aliyeitwa kambi ya Wanorwei kule Antaktika kuja kuchimbua kitu kilichoganda barafuni, na uso wake una akili, ukimuangalia unaona anafikiri. Kwa hiyo shida si waigizaji. Shida nilikuja kuipata baadaye, wiki nzima naizungusha kichwani, kwenye feri, kwenye foleni ya maji, nikimuelezea kila mtu ambaye hakuniuliza.

Ila kwanza nikupeleke Majengo.

Ile ya kwanza niliiona kwa mjomba, miaka ya tisini mwanzoni. Alikuwa na kibanda cha video, mabati juu, mabati pembeni, mabenchi ya mbao, televisheni ndogo yenye mgongo mkubwa kama ngamia, na deki ambayo ikikataa kanda anaipiga kofi ubavuni inakubali. Watoto shilingi mbili. Mjomba majina ya Kizungu hakuwa na habari nayo, kila muvi aliibatiza mwenyewe, na hii aliiita Dude la Barafuni. Sisi barafu tuliyoijua ni ile ya ukwaju ya kwenye mfuko wa plastiki, unaitoboa kwa jino pembeni unanyonya, na kulikuwa na mama mmoja anaiuza mlango wa pili. Kwa hiyo hebu piga picha, watoto tumebanana kama dagaa, jasho linatutiririka, tunanyonya barafu ya ukwaju tukiwaangalia wanaume 12 waliovaa makoti mpaka masikioni, wakiongea moshi unawatoka mdomoni, na mmoja wetu akauliza kwa nini wote wanavuta sigara.

Kulikuwa na kijana mkubwa wa mtaa aliyejipa kazi ya kutafsiri. Hakuna aliyemuajiri. Alisimama kando ya televisheni akatuambia kila kitu kwa Kiswahili, na Kiingereza chenyewe nadhani alikijua robo. Mwanzo kabisa wa ile muvi kuna helikopta inamfukuza mbwa kwenye theluji, mtu anampiga risasi anamkosa, mbwa anakimbilia kambi ya Wamarekani, helikopta inatua, Mnorwei anashuka na bunduki huku anapiga kelele kama kichaa. Tukamgeukia mtafsiri. Akasema, anasema huyu mbwa ameiba nyama ya shughuli.

Tulicheka mpaka mjomba akagonga bati.

Miaka mingi baadaye ndio nikaja kujua yule mtu alikuwa akisema nini. Alikuwa anawaambia kwa Kinorwei ondokeni, huyo si mbwa, ni kitu kinachojifanya mbwa. Yani siri yote ya muvi imetolewa hadharani hata hatujakaa vizuri, na haimfikii mtu kwa sababu hakuna aliyeijua lugha. Wamarekani wa ndani ya muvi hawaelewi, wanampiga risasi ya jicho anakufa na ukweli wake. MacReady mwenyewe, nyota wa muvi, Kurt Russell yule, anawaita Waswidi, daktari anamrekebisha. Na sisi Majengo tuko na nyama ya shughuli. Mpaka leo sijaona mwanzo wa muvi uliopangwa vizuri kama ule.

Halafu stima ikapotea. Si kwenye kipande kikubwa, ilikuwa pale wamekaa tu wanabishana. Mjomba akawasha kandili, na kwa kuwa hakuna la kufanya akaanza kutuhesabu vichwa. Akahesabu tena. Akasema kwa upole ule wake wa kutisha, "Hapa ndani kuna mtu hajalipa." Akaanza kupita benchi kwa benchi, kandili usoni kwa kila mtoto, anakuangalia machoni, haongei. Wallahi mimi nilikuwa nimelipa na nilijihisi sijalipa. Kila mmoja anamuangalia jirani yake. Na aliyekuwa anapiga kelele zaidi ya wote, mjomba muangalie yule wa nyuma, mjomba yule pale naona amejificha, alikuwa ni mtafsiri wetu.

Ndiye ambaye hakuwa amelipa.

Stima iliporudi, haikuchukua muda tukafika kwenye kile kipande cha damu. Kama hujaiona: MacReady amewafunga wenzake kwenye viti, amechukua damu ya kila mmoja ameweka kwenye kisahani, anachoma waya kwa moto anautumbukiza. Hoja yake ni kwamba kila tone la dude ni mnyama mzima anayejitegemea, litajitetea likiunguzwa. Anapima mmoja, tss, kitu hakuna. Mwingine, tss. Anafika kwa Palmer huku anamsema mtu mwingine kabisa, akili yetu yote iko kwa huyo mwingine, na damu inaruka.

Kile kibanda kiliangusha benchi mbili.

Sasa wachana na ile damu kuruka, mtazame Palmer kabla ya hapo. Dakika chache nyuma kuna kichwa cha Norris kimejing'oa shingoni, kimeota miguu ya buibui kinatoroka kidogo kidogo kuelekea mlangoni, na wote wako bize na moto hawajakiona. Anayekiona ni nani? Palmer. Ndiye anayepigwa na butwaa akatoa tusi, na wenzake wakageuka wakakichoma. Palmer ambaye yeye mwenyewe ni dude! Limeuza kipande chake lenyewe ili libaki limekaa kwenye kiti na watu. Na huyo Norris naye, kabla ya hapo wenzake walitaka wampe uongozi, akasema hapana jamani siwezi. Ukiitazama mara ya pili hapo ndipo nywele zinakusimama. Norris huyohuyo ndiye aliyesema chombo cha angani kilicholileta dude kilikuwa kimefukiwa barafuni miaka 100,000 na zaidi. Kitu kilichokaa laki nzima ya miaka kimeganda, haraka ya nini?

Na yule mbwa wa kwenye muvi. Jina lake la kweli Jed, chotara wa mbwa na mbwa mwitu, na sijui walimfunza vipi lakini habweki, hatikisi mkia, anatembea koridoni taratibu kama mpangaji mpya anayekagua vyumba. Anasimama kwenye mlango mmoja. Ukutani tunaona kivuli cha mtu, kivuli kinageuza kichwa, picha inafifia. Basi. Kivuli cha nani, hatuambiwi, na watu wazima wenye ndevu bado wanagombana kwa hilo.

Rudi 2011. Dude limetolewa barafuni bado liko ndani ya bonge lake, Wanorwei wanasherehekea, wanaimba, wanakunywa, na usiku huohuo linapasua barafu linatokea darini. Halijamaliza hata saa lishamvuta mtu mmoja uvunguni mwa nyumba. Sawa, njaa, laki ya miaka hujala. Lakini halafu helikopta inaondoka na watu, mmoja wao Griggs, ambaye ni dude tayari. Yani limeshinda! Liko angani, linaelekea kwa watu, lilitakiwa tu likae kimya lifunge mkanda. Kate anatoka nje anapunga mikono, rubani anaanza kurudi chini, na Griggs badala ya kushuka kama binadamu akasema nani mwenzangu nina kizunguzungu, anapasuka palepale hewani, helikopta inaanguka. Yani dude zima la kutoka sayari nyingine halina akili ya mtu anayekwepa nauli.

Na hivyo ndivyo linavyoendelea. Linakimbiza watu koridoni, mikono inatambaa yenyewe, linapiga kelele, linavunja milango, kama makanga amemuona abiria wa mwisho. Dude la 1982 lajificha, hili la 2011 lakimbiza. Ukikimbizwa unachoogopa ni kile kilicho nyuma yako, na hicho hata mbwa koko atakufanyia hapa Kisauni saa nne usiku, bure. Kule kwa Carpenter uoga uko kwenye mtu uliyekaa naye meza moja.

Sasa kinachoniuma, na ndicho kilichofanya niandike yote haya, ni kwamba hawa wa 2011 walikuwa na wazo zuri mno mkononi, lao wenyewe, halikuwa kwenye ile ya zamani. Kate anaokota bafuni penye damu vijichuma vidogo. Filingi za meno. Anaelewa kwamba dude linaiga nyama tu, haliwezi kuiga chuma, kwa hiyo likikuvaa linatema kila kisicho mwili. Basi kipimo ni tochi, fungua mdomo.

Nilipoona hapo nilikaa sawa. Kwa sababu kipimo hiki ni kibovu, na ubovu wake ndio utamu. Waya wa MacReady unakwambia huyu ndiye. Tochi ya Kate inakwambia huyu siye, na zaidi ya hapo haina la kukwambia. Ukiwa na filingi umepona, ukiwa huna, pengine wewe ni dude, au pengine mamako alikusimamia mswaki. Mtu msafi ndiye mshukiwa! Hebu ifikirie hapa Mombasa, mji wa halwa na kashata na yale mabuyu mekundu yanayopaka rangi mpaka ulimi, wenye filingi wangepita kifua mbele, waliong'olewa wangebaki wanaapa kwa majina ya wazazi wao, na yule jirani mwenye meno meupe 32 anayetutambia kila siku angechomwa moto wa kwanza. Mimi lingeniokoa gego langu moja la juu kushoto, lilizibwa nikiwa sekondari, na lenyewe mwaka huu kwenye futari nilitafuna tende na kokwa yake nikasikia ka! Basi.

Kwenye wazo hilo peke yake ungepika nusu saa ya muvi. Wagawanye watu pande mbili, wenye chuma na wasio na chuma, wafungie usiku mmoja, waache waongee. Wao wakafanyaje? Wasio na filingi wametengwa upande, tuhuma ndio kwanza zinachemka, chai haijapoa, ghafla moto, mtu anapasuka, mbio. Chuma wamekiokota wenyewe wakakitupa.

Mtu ataniambia hata Carpenter alinakili. Ni kweli. Kulikuwa na muvi ya 1951, na kabla yake hadithi ya John W. Campbell ya 1938. Lakini ile ya 1951 ilifanya dude liwe jitu moja refu la asili ya mimea, na Carpenter aliiruka akaenda kuchota kwa Campbell kile wenzake walichokiacha, kuiga watu. Kuchukua cha mtu si dhambi, taarabu nzima hii tunayoisikiliza imechotwa Misri na India na bado ni yetu.

Hawa wa 2011 walichota nini? Maumbo. Walikaa na ile muvi ya zamani wakasimamisha picha moja moja, na kazi hiyo waliifanya kwa heshima, siwanyimi. Unakumbuka MacReady na daktari wanapokwenda kwenye kambi ya Wanorwei wakakuta imeungua? Shoka limekita mlangoni. Mtu ameganda kwenye kiti, koo limekatwa, damu yake imekuwa barafu inaning'inia. Bonge la barafu lililochongoka katikati kama jeneza lililoachwa wazi. Na nje, maiti iliyoungua yenye sura mbili zilizoyeyukiana. Kwa Carpenter hakuna maelezo, wale wawili wanatembea tu ndani ya nyumba ya watu waliokwisha, upepo unavuma. Sasa prikweli inakuonyesha shoka lilifikaje pale. Sura mbili zilikuwaje sura mbili. Tiki, tiki, tiki, kama karani wa bandari anayekagua kontena. Na mimi pale Majengo nilikuwa nimeshawaua wale Wanorwei wote kwa njia zangu, kila usiku kwa mpango mpya, nikiwa nimejifunika shuka joto lote hilo. Yule mwanamke mwenye kwato anayeomba lifti usiku, wote tumesimuliwa, hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza bibi yake kwani alizaliwa wapi yule mwanamke na mamake nani.

Yani muvi yenyewe ndiyo dude. Imeiga nyama yote. Jina, theluji, shoka, sura, hata mbwa. Chuma kimebaki sakafuni.

Na hapa sitanii, kuna chuma cha kweli. Ile ya 1982 madude yake yalitengenezwa kwa mikono, mpira na jeli na nyaya na mota, na aliyeyatengeneza Rob Bottin alikuwa kijana wa miaka 22 hivi, alifanya kazi bila kupumzika mpaka akalazwa hospitali kwa uchovu. Kwenye yule mbwa anayechanuka alisaidiwa na Stan Winston. Kifua cha Norris kinapofunguka kikang'ata mikono ya daktari, walimtumia mtu ambaye kweli hakuwa na mikono, wakamvisha sura ya yule muigizaji. Ndio maana linakuchefua mpaka leo, kwa sababu kile kitu kilikuwa pale chumbani, taa ilikiangukia, mate yake yalidondoka kwenye sakafu ya kweli. Na za 2011 pia zilianza hivyo! Alec Gillis na Tom Woodruff Jr. na kampuni yao ya Amalgamated Dynamics walitengeneza madude ya kushikika, mazuri, yakapigwa picha, halafu baada ya yote studio ikaamua yapakwe juu kwa kompyuta. Video za majaribio ziko mtandaoni, zitafute, utaumia roho. Gillis iliwakera kiasi kwamba alichangisha pesa kwa watu akatengeneza muvi yake, Harbinger Down ya 2015, dude la mikono tupu. Muvi yenyewe ya hivihivi, lakini namuelewa.

Halafu pesa. Ile ya Carpenter iligharimu dola milioni 15 na haikuuza, ilitoka tarehe 25 Juni 1982, siku moja na Blade Runner, wiki mbili baada ya E.T., na majira yale watu walitaka kiumbe cha kukumbatia. Wakosoaji waliitukana. Ya 2011 iligharimu kama milioni 38 ikarudisha kama 31. Kwa hiyo zote mbili zilianguka, sitaki kukudanganya kwamba soko lilijua ipi ni ipi.

Kitu kimoja tu cha 2011 kilinishika, na kiko mwisho kabisa wakati majina yashaanza kupita. Kuna Mnorwei mmoja pale kambini anaitwa Lars, mchunga mbwa, Kiingereza hajui. Muvi nzima anazungukwa na watu wanaoongea asichokielewa. Amenusurika, mbwa anatoroka kwenye theluji, Lars anamlazimisha rubani arushe helikopta, anakamata bunduki, na ule muziki wa Ennio Morricone wa ile muvi ya zamani, wa dum dum, dum dum, unaingia. Hapo nikapiga paja. Ni yeye! Ni yule wa nyama ya shughuli! Huyu ndiye mtu ambaye ukweli wote ulikuwa mdomoni mwake akafa nao kwa kukosa mkalimani, walikuwa naye toka mwanzo, wakamuweka pembeni. Ningepewa mimi ile bajeti Lars angekuwa ndiye muvi. Kambi ya watu wa lugha mbili, dude ambalo likikuvaa linachukua na lugha yako, na mtu mmoja ambaye kila akisema kitu wenzake wanacheka.

Wikendi iliyofuata nikarudi Mwembe Tayari, nikamwambia jamaa nataka ya 1982. Sasa ndio akaniangalia. "Hiyo ya zamani? Hiyo si ndiyo hiyohiyo?"

Dogo alikuja tena, nikaiweka, taa nimezima. Mwanzo alikuwa na simu yake, anasema Ami mbona hakuna kitu kinatokea. Mbwa alipoanza kutembea koridoni simu ikawekwa chini. Kwenye kisahani cha damu nilimtazama yeye badala ya muvi, na aliruka palepale tuliporuka sisi, tofauti yake hakuwa na benchi la kuangusha. Mwisho wake unaujua, au kama huujui basi: kambi yote inaungua, MacReady amekaa kwenye theluji na chupa, mwenzake Childs anatokea gizani, hajulikani alikuwa wapi. Wanaangaliana. Wanapeana chupa. Muziki.

"Sasa nani ndiye?" dogo akauliza.

Nikamwambia sijui.

"Ah, Ami. Si umeiona mara nyingi."

Nikamwambia kweli sijui. Akanyamaza. Nikainuka nikaenda jikoni kuchukua maji, na wajua Kisauni na stima yake, ikapotea nikiwa na gilasi mkononi. Nikapapasa ukuta mpaka sebuleni. Yuko palepale kwenye kochi, amewasha tochi ya simu, ameielekeza kwangu usoni.

"Ami," akasema, "fungua mdomo."

Nikafungua, nacheka. Akasogea. Akamulika chini, akamulika juu, kulia, akasimama upande wa kushoto muda mrefu.

"Si ulisema una filingi?"

"Ilitoka Ramadhani," nikamwambia. "Na tende."

Hakucheka.